Mwiko, Kiwiko na Mkono wa Kushoto

Saa tano na dakika ishirini asubuhi, siku ya Jumanne, mwiko ulinitoka mkononi. Sikuuachilia. Ninaijua saa kwa sababu huwa natia unga saa tano na robo, na baada ya dakika tano ugali huanza kuwa mzito na kumdai mpishi nguvu zake. Nilikuwa nimeukandamiza mwiko kwenye ubavu wa sufuria nikiuvuta kuja kwangu, na vidole vya mkono wangu wa kulia vikafunguka vyenyewe, kama mlango ambao kitasa chake kimekufa. Mwiko ukalala juu ya ugali. Mimi nikabaki nautazama mkono.

Hoteli yangu iko Kitengela, nyuma kidogo ya barabara iendayo Namanga. Ni mabati pande tatu na upande wa nne uko wazi kuelekea kwenye majengo, kwa kuwa wateja wangu wote hutoka huko. Ndani tuko wapishi wawili. Mimi ni wa ugali, mboga na nyama. Wifi yangu, dada ya mume wangu, ni wa chapati na chai. Mwaka huo tulikuwa tukilisha mafundi wa jengo moja la ghorofa tano, watu sitini wenye njaa ya kubeba mawe, na msimamizi wao alitulipa kila Jumamosi bila matata. Sharti lake lilikuwa moja: chakula kiwe mezani kabla ya saa saba.

Siku ile kilikuwa mezani. Nilimalizia ugali kwa kuegemeza mwiko tumboni na kusukuma kwa mwili mzima. Wifi aliniona.

"Wewe nawe kimekushika?" akauliza.

Kilikuwa kimemshika yeye kwanza, mwezi mmoja kabla. Maumivu yaleyale, mahali palepale, kwenye kifupa cha nje cha kiwiko. Yeye alilaumu ule mti wa kusukumia chapati. Mimi nilikuwa nimemwambia apumzike, ushauri ambao ni rahisi sana kuutoa kwa mkono wa mtu mwingine.

Ndani ya wiki hiyo nilijua mambo ambayo sikuwa nimewahi kuyajua kuhusu mkono. Kuinua birika la chai kunatumia kiwiko. Kukamua kitambaa kunatumia kiwiko. Kusalimiana ndiko kubaya zaidi. Kulikuwa na mzee mmoja mfugaji aliyekula kwetu kila siku ya mnada wa mifugo, mtu mrefu wa shuka na viatu vya tairi, ambaye humpa mtu mkono kama anayepima kamba. Alinisalimu, nikapiga magoti nusu.

"Mama, leo umenipa heshima nyingi," alisema.

Nilikwenda kliniki moja hapo hapo mjini. Daktari alikuwa kijana, hana haraka, na hilo nililipenda. Alinyoosha mkono wangu, akabonyeza kile kifupa, kisha akaniambia niinue kidole cha kati huku yeye akikisukuma chini. Nilitoa sauti ambayo watu wa kwenye foleni waliisikia.

"Hii inaitwa tenisi elbo," akasema. "Kiwiko cha mcheza tenisi."

"Daktari, mimi sijawahi kushika raketi."

"Hata wagonjwa wangu wengine hawajawahi. Niko na mafundi wa rangi, niko na wakamuaji wa ng'ombe. Leo nimepata mpishi."

Akanieleza njia mbili. Ya kwanza ni sindano ya steroidi pale pale kwenye kifupa, na kwa watu wengi maumivu hupungua sana ndani ya siku chache. Ya pili haina sindano: mazoezi ya kuujenga mkono, mshipi wa kufunga chini ya kiwiko, na kubadilisha namna ya kufanya kazi. Hiyo huchukua miezi. Hakunificha kwamba maumivu yaliyotulizwa na sindano huweza kurudi. Kwa njia ya pili alinishauri niende hospitali ya Kajiado, ambako kulikuwa na mama mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Kisha akauliza ninataka ipi.

Nilimwomba siku tatu.

Shule niliiacha darasa la saba. Mengine nimejifundisha mwenyewe: hesabu za biashara kutoka kitabu cha mtumba, Kiingereza kutoka kamusi iliyong'oka jalada, na siku hizi simu imenifungulia maktaba ambazo zamani ningehitaji barua ya mkubwa kuingia. Nimejizoeza kutosoma ukurasa mmoja na kuamini. Husoma tano, natafuta mahali zinapokubaliana, na mahali zinapogombana ndipo ninapokaa.

Kwa hiyo nilikaa. Niliyoyaelewa ni haya. Misuli inayoinua kiganja imefungwa kwenye kile kifupa kwa kano, na kano hiyo huchakaa mtu akirudia mshiko mmoja kwa miaka. Zamani madaktari walidhani pale pamewaka tu na panahitaji kuzimwa. Sasa wengi wanaona kano yenyewe imelegea nyuzi zake, mithili ya kamba ya kisima. Sindano ya steroidi hunyamazisha maumivu vizuri sana, lakini haisuki nyuzi upya. Ndiyo maana aliyechomwa huwa mbele kwa wiki za mwanzo, na miezi ikipita mara nyingi hujikuta nyuma ya yule aliyefanya mazoezi, au hata yule aliyesubiri tu. Kulikuwa pia na sindano ya damu ya mgonjwa mwenyewe, inayotolewa, ikazungushwa kwenye mashine na kurudishwa kiwikoni. Bei yake ilikuwa ya juu na wataalamu walikuwa bado wanaigombania. Hiyo niliiacha kwa matajiri na wagomvi.

Upande wa mazoezi nao haukuwa asali. Kila ukurasa ulisema polepole. Mimi nilikuwa na watu sitini kila siku.

Jioni ya tatu nilimsomea wifi yote hayo akiwa anakanda unga kwa mkono wa kushoto, uso umekunjamana. Alisikiliza mpaka mwisho. Akafuta mikono.

"Wifi, wewe soma," akasema. "Mimi kesho niko kwa foleni."

Alichomwa Ijumaa. Jumatatu alikuwa anasukuma chapati anaimba wimbo wa kanisani, na kila chapati aliyoigeuza aliigeuza kwa madaha, ili nione.

"Kitabu kimesema nini leo?"

"Kimesema nikupongeze."

"Kiambie asante."

Alikuwa hana maumivu, na mimi birika nililibeba kwa mikono miwili kama mtoto aliyebeba mayai. Nilikata shauri la Kajiado siku ile ile, kwa sababu nilijijua: wiki moja zaidi ya kumsikiliza akiimba, nami ningekuwa kwenye foleni.

Huyo mama wa mazoezi ya viungo alikuwa mfupi, mwenye sauti ya mwalimu wa darasa la kwanza. Aliniuliza ninafanya kazi gani.

"Napika."

"Unapika nini?"

"Ugali."

"Wa watu wangapi?"

Nilipomwambia, aliweka kalamu chini. "Wiki ijayo uje na mwiko."

Wiki iliyofuata nilifika langoni na mwiko wangu mkubwa, mrefu kama kasia, umefungwa kwa kanga. Askari aliufungua akaukagua pande zote.

"Mama, huu unaenda kumpiga nani?"

"Ni wa daktari."

"Amekosea nini daktari?"

"Bado hajakosea."

Akaniruhusu, lakini alinifuata kwa macho hadi mlangoni.

Yule mama alileta beseni la mchanga uliolowa maji, akaliweka juu ya stuli. "Songa," akasema. Nikasonga. Alizunguka akinitazama kila upande, kama mtu anayetaka kununua gari. Aliniambia niache, akashika kiganja changu.

"Unashika kiganja kikitazama chini. Unakunja mkono nyuma. Halafu unavuta. Kila mvuto unaning'iniza sufuria nzima kwenye hii kano. Sasa niambie, huu wa kushoto kazi yake ni nini?"

"Kushikilia sufuria."

"Kwa nini hausongi?"

"Ni mwiko," nikasema.

Sote wawili tukautazama mwiko. Yeye ndiye aliyeanza kucheka.

Lakini nilikuwa nimesema kweli. Kwetu mkono wa kushoto haugusi chakula cha watu. Mama yangu alinifundisha kusonga ugali nikiwa na miaka minane, na mkono wa kushoto ulipokaribia mwiko aliupiga kofi dogo bila hata kukatiza mazungumzo. Mgeni akijua ugali umesongwa kwa kushoto, alisema, atakula kwa adabu na hatarudi. Nimesonga ugali kwa zaidi ya miaka arobaini, na katika miaka hiyo yote mkono mmoja ulifanya kazi ya miwili. Hakuna ukurasa wowote kati ya nilizosoma uliokuwa umenieleza hilo. Waandishi wake hawakuwa wamelelewa na mama yangu. Na lugha yenyewe ilikuwa imeniwekea neno hilo mbele ya macho siku zote: kifaa ni mwiko, katazo ni mwiko, na kilichoumia, kwa sikio tu, ni mwiko mdogo.

"Basi mwiko wa mama yako umekutana na mwiko wako," alisema mtaalamu nilipokwisha kumweleza, "na hapa katikati kiwiko kimelia. Mikono miwili, mama. Wa kushoto juu, wa kulia chini, viganja vitazamane. Sufuria ishuke chini ya kiuno ili usukume kwa mabega. Na huu mpini ni mwembamba sana, unaukaba kama koo la jogoo."

Nilimuuliza kuhusu sindano. Nilitaka aiponde, nikiri, ili nipate cha kumpelekea wifi. Hakuiponda. Alisema kuna watu ambao hawawezi hata kulala kwa maumivu, na kwa hao wiki sita za nafuu si jambo dogo, mradi wazitumie kujenga mkono na wasizitumie kuuchosha upya.

Mazoezi yenyewe yalikuwa ya aibu kwa udogo wake. Unalaza mkono mezani, kiganja kinaning'inia nje ya ukingo kikitazama chini, umeshika chupa ya soda iliyojazwa mchanga. Unaiinua kwa msaada wa mkono mwingine, kisha unaiacha ishuke polepole kwa nguvu ya mkono mgonjwa peke yake. Unarudia. Asubuhi na jioni.

"Ikiuma?"

"Ikiuma kidogo, endelea. Maumivu yakilala na wewe yakaamka na wewe, umezidisha."

Kwa seremala mmoja wa Kajiado nilichongesha mwiko mpya, mpini wake mnene kiasi cha kujaza kiganja. Nikarudi Kitengela na kanuni mpya, na tatizo jipya: sufuria kubwa sikuiweza bado. Nikagawa ugali kwenye sufuria mbili ndogo, moja baada ya nyingine. Makaa yalizidi, lakini saa saba hatukuikosa.

Wateja waliona siku ya kwanza. Jikoni kwangu ni wazi, na fundi anayesubiri chakula hutazama chakula.

"Mathe, hiyo ya leo ni ya kushoto ama ya kulia?" kijana mmoja wa kuchanganya saruji akauliza.

"Ya mikono miwili."

"Basi bei ni mbili?"

Wakacheka, lakini wawili niliwaona wakiagiza chapati, na wifi akazipeleka kwa unyenyekevu wa kuudhi. Siku ya mnada ndiyo niliyoiogopa. Yule mzee mfugaji aliketi, akaitazama mikono yangu yote miwili kwenye mwiko tangu unga ulipoingia hadi ugali ulipopinduliwa. Nilimpelekea sahani mwenyewe. Alimega tonge, akalibonyeza kwa kidole gumba, akalichovya kwenye mchuzi, akala. Akamega lingine.

"Mama," akasema bila kuinua macho, "tumbo langu halina mkono wa kulia."

Tangu siku ile hakuna aliyeagiza chapati kwa sababu ya mikono yangu.

Wiki za mwanzo hazikuniletea kitu. Chupa ilishuka, ikapanda, na kiwiko kililalamika vilevile. Halafu asubuhi moja nilimimina chai ya watu wanne na nikawa nimeshakaa chini kabla ya kugundua kwamba nimelibeba birika kwa mkono mmoja. Sikumwambia mtu. Nililibeba tena tupu, kisha likiwa limejaa. Nikabadilisha chupa ndogo kwa chupa kubwa.

Karibu na wakati huo wifi aliacha kuimba. Mwanzo alisema ni mafua. Kisha nikaona anasukuma chapati kwa kuegemea, mabega yamepanda. Miezi miwili ilikuwa imepita tangu achomwe, na katika miezi hiyo alikuwa amesukuma chapati nyingi kuliko wakati mwingine wowote, kwa kuwa mkono ulikuwa haumwambii kitu. Alirudi kliniki akachomwa mara ya pili, na daktari akamwonya kwamba ya tatu hataitoa haraka. Hiyo ya pili haikumfikisha hata mwezi. Asubuhi moja alivuta mkono wa sweta akanionyesha kiwiko. Pale sindano ilipoingia palikuwa na doa jeupe, ukubwa wa kifungo, na ngozi imebonyea kidogo.

"Hii kitabu chako kilisema?"

"Kilisema inaweza kutokea."

"Na hukuniambia."

"Nilikuambia. Ulikuwa unaimba."

Akacheka mpaka akaketi kwenye debe la mafuta. Sindano zenyewe hakuzijutia. Kwa chapati za miezi ile miwili alikuwa amemaliza karo ya binti yake, na alinikumbusha hilo kila nilipotaka kujiona. Lakini jioni hiyo alijaza mchanga kwenye ile chupa yangu ndogo, akalaza mkono kwenye meza ya mwisho.

Ndipo msimamizi alipokuja. Jengo lilikuwa linaisha. Mkandarasi wake alikuwa amepata mradi mwingine Kajiado, bweni la shule, na mafundi wangekuwa zaidi ya mara mbili ya wale wa kwetu.

"Mama, niko na swali," akasema, macho kwenye meko. "Naona sufuria yako imezaa watoto wawili. Ile kubwa ilienda wapi?"

"Iko."

"Kwa sababu kule watu ni wengi. Siwezi kungojea sufuria zipokezane. Siku ya kukabidhi, tajiri mwenye jengo atalisha kila mtu, mafundi na majirani. Nataka kuona ile kubwa. Nikiiona, Kajiado ni yako. Nisipoiona, usinikasirikie."

Niliishusha ile sufuria kutoka darini. Ni kubwa kiasi kwamba mtoto angeweza kuogea ndani. Kwa majuma yaliyobaki niliongeza uzito wa chupa kidogo kidogo, na kila Jumapili mchana nilisonga ugali mkubwa wa majirani wa nyuma, ambao hawakuuliza kwa nini wamepata bahati hiyo.

Siku ya kukabidhi tulichimba meko chini ili sufuria ikae chini ya kiuno. Mbuzi walikuwa motoni tangu alfajiri. Mwenye jengo alifika na wageni wake, msimamizi akasimama hatua chache kutoka kwangu na mikono nyuma, kama mwangalizi wa mtihani. Wifi alinimiminia unga. Nikafunga mshipi chini ya kiwiko, nikaweka wa kushoto juu, wa kulia chini, viganja vikitazamana, nikaanza.

Ugali wa kiasi kile haukubali haraka. Unaukandamiza ubavuni, unausukuma katikati, unaugeuza, unaongeza unga, na kila mzunguko unakuwa mzito kuliko uliopita. Ulipofika pale ambapo mwiko ulinitoka ile Jumanne, nilihisi. Mahali ni palepale, uzito ni uleule, unga ukianza kushikana na kuvuta. Nilisubiri vidole vifunguke. Vilikaa. Nikavuta tena, kwa mabega, kwa mgongo, na ule mpini mnene ukabaki umejaa kiganjani. Nikapita hapo. Nilisonga mpaka mvuke ukageuka harufu ile ya ugali ulioiva, na nilipoinua uso mafundi walikuwa wamesogea karibu na meko.

"Pindua basi, mathe," yule kijana wa saruji akasema kwa sauti ya chini.

Tuliupindua mimi na wifi, yeye upande mmoja na mimi upande wa pili, kwenye sinia mbili zilizounganishwa. Ulitoka mzima, mweupe, bila ufa. Msimamizi alitazama saa yake. Saa saba kasoro dakika kumi.

"Jumatatu ya wiki ijayo," akaniambia. "Shika mkono."

Nilimpa wa kulia. Aliubana kwa nguvu, na mimi nikambana zaidi, mpaka akatoa wake kwanza.

Jioni, vyombo vimeoshwa, nilimfanyia wifi hesabu. Yeye: sindano mbili na kumwona daktari mara mbili, shilingi elfu kumi na mbili. Mimi: daktari mara moja, Kajiado mara nne pamoja na nauli, mshipi, na mwiko wa seremala, shilingi elfu sita na mia moja.

"Nimekushinda kwa elfu tano na mia tisa," nikasema.

Alikuwa na chupa mkononi, inashuka polepole kama alivyofundishwa. Hakuinua kichwa.

"Umesahau makaa ya sufuria mbili."

Nilikuwa nimeyasahau. Nikayatoa: elfu mbili, mia mbili na hamsini. Nilichookoa ni shilingi elfu tatu, mia sita na hamsini.